Jasho Kwanza, Kisha Glasi Moja

Tunayemzika leo ni kaka yangu, mtoto wa pili wa wazazi wetu. Mimi ni kitindamimba wao. Familia imeniomba nisome maisha yake kwa sababu, kama alivyopenda kusema mwenyewe, katika nyumba yetu mimi nilipewa mdomo na yeye akapewa miguu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho kabla ya karakana, ile ambayo vyombo vililia kabatini kila treni ya mizigo ilipopita. Baba yetu alikuwa fundi wa vichwa vya treni, mama alikuwa mshonaji. Kazi ya kwanza ya marehemu hapa duniani ilikuwa kumpelekea baba chakula cha mchana, na aliifanya kwa mbio, bakuli limefungwa kwenye kitambaa, mkono mmoja juu ya kifuniko. Mafundi walikuwa wakisikia miguu yake kwenye kokoto wanasema, "Haya, chakula hicho kinakuja kabla ya njaa." Mama alimgombeza kwa viatu alivyokuwa akivimaliza, lakini kazi ile hakumpa mtoto mwingine.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1975 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha akaenda sekondari ya bweni. Huko ndiko alikopata penzi lake la pili, baada ya mbio. Mwalimu wa kemia aliwafundisha jinsi hamira inavyokula sukari na kutoa hewa. Wenzake waliandika, yeye akataka kuona. Alitia hamira kwenye chupa ya maji ya nanasi, akaikaza kizibo, akaificha chini ya kitanda. Siku ya ukaguzi wa mabweni, mwalimu mkuu akiwa ameinama kuchungulia uvunguni, chupa ikalipuka. Shati jeupe likawa la njano. Marehemu aliadhibiwa kuzunguka uwanja kwa mbio mpaka jua lizame, na mwalimu wa zamu alipomwambia inatosha, akajibiwa, "Mwalimu, naomba niongeze kidogo. Ndiyo kwanza pumzi imekaa sawa." Mwaka huo huo aliingizwa katika timu ya riadha ya shule.

Mwaka 1991 alihitimu ufundi wa maabara, akaajiriwa na idara ya maji ya mji wetu, alikofanya kazi mpaka maradhi yalipomwondoa. Chumba chake kilikuwa juu ya matangi ya kuchujia, kina dirisha moja na harufu ya klorini isiyotoka kwenye nguo. Kila asubuhi alionja maji yatakayokwenda kwenye mabomba yenu. Ulimi huo aliokuwa akiulisha maji ndio uliomfanya aanze kupika bia nyumbani, maana alisema bia nzuri ni maji mazuri yaliyosomeshwa. Gereji ya nyumba yake haikuwahi kuona gari. Ilikuwa na sufuria kubwa, mapipa, mipira ya kupitishia bia, na magunia ya kimea cha shayiri kilichonukia kama mkate unaoiva. Bia yake ya kwanza nilionja mimi. Nilimwambia ina ladha ya kamba iliyolowa. Hakukasirika. Aliniuliza kwa dhati kabisa, "Kamba gani, dada? Ya katani au ya nailoni?" Miaka michache baadaye, watu waliokuwa na viwanda vyao vidogo walikuwa wakimfuata kumuuliza siri ya ile bia yake nyeusi. Naye hakuwa mchoyo. Aliwaambia yote, na akawapa chachu waondoke nayo.

Wifi yangu alimpata kwa sababu ya kidole gumba cha mguu. Marehemu alikuwa amemaliza mbio ndefu, ukucha umeng'oka, akaenda kuufungisha dawa hospitalini, na muuguzi wa zamu ndiye huyu mnayemwona amekaa mbele yenu. Alirudi kufungisha dawa hata baada ya kidole kupona. Alipomposa, muuguzi alimwambia wazi kwamba hawezi kuolewa na mtu anayepika pombe. Baba yake mzazi alikuwa mlevi. Utoto wake wote ulikwisha akisikiliza mlango, kujua baba anaingia na mwendo gani.

Marehemu akamwambia, "Sitakunywa siku ambayo sijatoka jasho. Jasho kwanza, kisha glasi moja. Na sitakunywa peke yangu."

"Maneno matamu kuliko hayo nimeyasikia," wifi alimjibu. "Baba aliyasema kila Jumatatu."

"Basi usinisikilize. Niangalie."

Akamwangalia mwaka mzima. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1996, na mwaka 1999 wakajaliwa mapacha, wa kike na wa kiume. Tangu hapo yeye akawa Baba Pacha, na wifi akawa Mama Pacha. Wifi hakuwahi kuonja bia ya mumewe. Na mumewe hakuwahi kumbembeleza aonje.

Kundi la Jasho Kwanza, ambalo limesimama pale nyuma na fulana zao za kijani, lilianza kwa watu wawili: marehemu na rafiki yake kinyozi. Jumamosi alfajiri walikimbia kutoka gereji hadi kwenye daraja na kurudi, wakanyoosha viungo ukutani, ndipo kila mmoja akapewa glasi yake. Kinyozi ndiye aliyempa jina la Povu, kwa ile mistari miwili iliyobaki kwenye masharubu yake baada ya fundo la kwanza. Watu wakaongezeka. Walikuja wenye vitambi, wenye kisukari, wajane waliochoka kukaa ndani. Wasiokunywa pombe walipikiwa maji ya tangawizi yenye povu lake, na hakuna aliyewauliza kwa nini. Alikuja pia bwana mmoja aliyefika kila mara wenzake wanaporudi, hajaloa hata kwapa. Marehemu alimpokea kwa heshima, akamwambia, "Ndugu yangu, mlango wa gereji uko mwisho wa njia. Wewe unaingilia dirishani." Bwana yule yupo hapa leo. Juma lililofuata alikimbia, akatapika, akarudi tena.

Kulikuwa na watu waliosema haiwezekani, kwamba mpenda bia na mpenda mazoezi hawakai katika ngozi moja, lazima mmoja atamfukuza mwenzake. Kwake walikaa. Kila kimoja kilikilinda kingine. Aliyekuwa anajua kwamba atakimbia kesho hakunywa glasi ya pili, na aliyejua kuna glasi inamngoja hakukatisha mbio darajani.

Mwishoni mwa mwaka 2020 mguu wake wa kushoto ulianza kumwangusha. Alijikwaa mahali pasipo na jiwe. Kinyozi akamtania, "Povu, leo umeanzia glasi?" na wote wakacheka, naye akacheka. Baada ya miezi, vitu vikaanza kumponyoka mkononi. Kisha ulimi ukawa mzito. Maneno yalimtoka yamelegea, yamebebana, na jioni yalikuwa mabaya zaidi kuliko asubuhi.

Nawaomba mnivumilie hapa, kwa sababu sehemu hii familia imejadiliana kama isomwe au isisomwe.

Watu waliamini amekuwa mlevi. Mtu aliyejulikana kwa kupika bia, anayeyumba barabarani na kuongea kwa ulimi mzito, nani angefikiri lingine? Jirani alimwita kijana wa marehemu pembeni akamwambia, "Mwangalieni mzee wenu." Kazini alipewa onyo. Mwezi wa Novemba 2021 binti yake alihitimu chuo. Marehemu alivaa suti yake ya kijivu, akafika mlangoni pa ukumbi, akajaribu kusema yeye ni baba wa nani. Mlinzi akamzuia. "Mzee, waliokunywa hawaingii humu. Nenda ukapumzike." Hakubishana, maana kila alipozidi kusema ndivyo ilivyozidi kuonekana kweli. Alikaa kwenye kidaraja cha mfereji nje ya geti. Binti alipopewa habari, alitoka katikati ya sherehe na joho lake, akakaa naye palepale chini. Picha iliyoko kwenye jalada la ratiba hii ilipigwa siku hiyo, mahali hapo. Anatabasamu, na mnaweza kuona kwamba mdomo umekwenda upande mmoja.

Wifi naye aliingiwa na hofu. Ameniruhusu niseme. Alianza tena kusikiliza mlango. Usiku aliinama juu ya mumewe aliyelala akamnusa mdomo. Alikwenda gerejini akapima mapipa kwa macho. Marehemu alijua, na hakuwa na maneno ya kujitetea, kwa kuwa maneno yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanamshtaki. Siku moja alirudi kutoka kazini, akamkuta wifi kasimama mlangoni, akamwinamia, akafungua mdomo.

"Nusa," alimwambia. "Nusa, Mama Pacha."

Palikuwa na harufu ya klorini tu.

Siku ya pili aliacha bia kabisa. Alimwaga hata iliyokuwa inachacha. Alitaka mkewe aone kwamba, bia ikiisha, kuyumba kutakwisha. Au labda alitaka yeye mwenyewe aone. Alikaa miezi bila kugusa tone, na kila mwezi ulimi ulizidi kulegea. Ndipo wifi, muuguzi, akaacha kuangalia kama mtoto wa mlevi, akaangalia kama muuguzi. Akaona nyama ya mkono imekwisha katikati ya kidole gumba na cha shahada. Akamshika mkono huo mpaka kwa daktari.

Mwezi Juni 2022, katika hospitali kuu ya mji wetu, daktari wa mishipa ya fahamu alitueleza kwamba mishipa inayopeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi kwenye misuli ilikuwa inakufa, mmoja baada ya mwingine. Sababu hakuijua. Bia haikuhusika, mbio hazikuhusika. Dawa ya kuponya haikuwepo. Tulipotoka, wifi alikaa kwenye benchi la korido akalia, akisema, "Nilikuwa nakunusa. Mume wangu anakufa, mimi nakunusa." Marehemu alikaa karibu naye. Ilimchukua muda mrefu kulitoa jibu lake, na mimi nililisikia: "Nilikwambia uangalie. Umeangalia."

Miguu ilikwenda kwanza. Jasho Kwanza wakapata kiti cha magurudumu, na kila Jumamosi walimsukuma hadi darajani kwa zamu, kinyozi akiwa wa kwanza kila mara, akilalamika njia nzima kwamba Povu amenenepa, ilhali sote tuliona anavyokwisha. Sauti ikafuata. Mwisho koo likakataa, akawa analishwa kwa mpira tumboni.

Mwaka jana, mvua zilipokatika, aliandika kwa jicho, kwenye ubao wa herufi ambao wifi alikuwa akimwonyesha: PIKENI. Mapacha walifungua gereji, wakaosha mapipa. Marehemu aliwekwa karibu na sufuria. Kijana wake alimletea mvuke puani kwa mwiko. Akikubali alifumba macho mara moja, akikataa aliyakodoa, na walipozidisha moto aliyakodoa mpaka tukacheka. Bia ilipoiva, ikamiminwa glasi moja, nyeusi, na povu la rangi ya kahawa. Ikawa imeshikwa na binti, na kila mtu anamwangalia mwenzake, kwa kuwa mwenyewe hawezi kumeza.

Wifi akaichukua. Alikuwa na miaka hamsini na kitu na hakuwa amewahi kuonja pombe. Alikunywa fundo, akakunja uso, akanywa la pili, akasubiri. Kisha akamwambia mumewe, taratibu, kama mtu anayesoma barua kwa asiyeona: "Inaanza na uchungu. Uchungu wa kahawa iliyoungua kidogo. Halafu unaondoka. Nyuma yake kuna kitu kama ukoko wa mkate. Inakaa. Baba Pacha, bado inakaa." Akachovya pamba kwenye glasi, akampaka kwenye midomo. Machozi ya marehemu yalishuka, na hakuweza kuyafuta, wifi akayafuta.

Jumamosi tarehe 10 Februari mwaka huu, 2024, Jasho Kwanza walibadilisha njia, wakakimbia hadi chini ya dirisha lake. Walisimama pale wakihema. Dirisha lilifunguliwa ili awasikie pumzi. Alisikia, kwa kuwa alifumba macho yake mara moja, kwa nguvu. Kesho yake, Jumapili asubuhi, pumzi yake mwenyewe ilianza kupungua. Mkewe alimshika mkono, mapacha wakashika miguu. Hakuhangaika. Aliaga dunia nyumbani kwake, katika chumba kinachotazama gereji, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Marehemu ameacha mjane, mapacha wake wawili, mama yetu mzazi ambaye umri umemlazimu kubaki kwenye gari na anatusikia kwa kipaza sauti, kaka yetu mkubwa, mimi mdogo wake, wapwa, shemeji, na rafiki yake kinyozi, aliyemnyoa jana kwa mara ya mwisho na akakataa kusaidiwa. Tunawashukuru wauguzi waliokuja nyumbani na wote waliosukuma kile kiti.

Wifi ameniomba nimalizie kwa maneno yake mwenyewe, niyasome kwa sauti, mbele ya majirani, wafanyakazi wenzake na yeyote aliyefika. Ni haya: "Mume wangu hakuwa mlevi. Nililala naye miaka ishirini na saba, nami najua mlevi ni nani. Aliyekuwa na neno juu yake, aliache hapa, alifukie na udongo huu."

Mwenyezi Mungu amlaze kaka yetu kwa upole, na usingizi wake uwe wa amani.