Sikio Alilomwachia Mwenzake

“Nirudishie sikio langu, mwizi wewe!”

Ndivyo mzee wetu alivyomkaribisha rafiki yake Usukani kila alipotokeza mlangoni. Naye Usukani alijibu, “Si ulinipa mwenyewe? Cha kupewa hakirudishwi!” Majirani waliodhani hapa pana kesi, leo wataelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1948, mtoto wa tatu wa seremala na mshonaji. Alimaliza darasa la saba. Hesabu aliziweza, lakini kwenye kwaya mwalimu alimwomba afungue mdomo tu, sauti abaki nayo. Wakati huo masikio yote mawili yalikuwa mazima, kwa hiyo mzinga wa vitani usisingiziwe.

Alijiunga na jeshi akiwa kijana, na vita ilipozuka akapangwa kwenye mzinga wa kutungulia ndege, kilimani, kulinda daraja. Yeye alipakia makombora. Usukani alizungusha gurudumu la kulenga, na jina likamganda. Siku ndege za adui zilipokuja mara ya kwanza, Usukani alijipapasa mifuko akakuta hana vizibo vya masikio. Alikuwa amevisahau kwenye suruali aliyoifua, nayo ilikuwa ikining'inia kambani, ikipepea kama bendera.

Marehemu akachomoa kizibo chake cha kulia, akamsukumizia mwenzake katika sikio lililoelekea mtutu.

“Na wewe je?”

“Wewe ndiye wa kusikia amri. Mimi kombora halinisemeshi. Zungusha!”

Daraja lilipona, watu wakaendelea kuvuka. Sikio la kulia la marehemu halikusikia tena. Vita hakuipamba. Alisema waliokuwa ndani ya ndege zile nao walikuwa na mama zao.

Baada ya jeshi alifanya kazi kwenye mashine za kusukuma maji hadi alipostaafu. Wenzake walilalamikia kelele. Yeye aliwageuzia sikio la kulia, akanywa chai.

Tarehe 14 Agosti 1981 alifunga ndoa. Bibi harusi alipokuja kusimama kulia kwake, alimhamisha mbele za watu: “Njoo kushoto, mama. Huko utaolewa na ukuta.” Mkewe hakuhama tena upande huo. Lakini yaliyohusu matumizi ya nyumba, mzee wetu aliyasikilizia kulia. Tulimjua.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, akalazwa. Usukani alikuja kila siku, akakaa kushoto kwa kitanda. Juma la mwisho marehemu alimshika mkono.

“Lile sikio, nimekusamehe. Kaa nalo.”

Usukani akalia kama mtoto. “Ningekurudishia, ndugu yangu. Wallahi ningekurudishia.”

“Acha kelele, wagonjwa wanalala. Ila siku ya kunizika ukae mbele, usikilize kwa niaba yangu. Nawajua hawa, watanisifu uongo. Ukija huko niendako, uniambie.”

Alifariki tarehe 3 Machi asubuhi, mkewe akimsemesha kwenye sikio la kushoto.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada yake mmoja, na Usukani, ambaye amekaa hapo mbele, shingo ameinyoosha, hapitwi na neno. Ndiyo maana hatukuthubutu kutia chumvi.

Mzee wetu, humdai mtu. Pumzika kwa amani, yote yamesikika.