Dada Yetu na Jicho la Lenzi Mia Sita

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa marehemu baba yetu, fundi saa, na mama mshonaji. Mimi ndiye kitinda mimba. Mgongo wake niliujua kabla sijajua kutembea.

Alianza shule mwaka 1981. Alikuwa akifuga nzi ndani ya kiberiti na kuwakagua kwa kioo cha baba cha kukuzia. Mama akamuuliza, “We mtoto, wenzio wanafukuza nzi, wewe unawakaribisha?” Akajibu, “Mama, huyu hageuzi shingo, lakini kila nikimnyatia ananiona!” Jina la Mama Nzi alilipata hapo, na hakulikataa hata alipohitimu uhandisi mwaka 1998.

Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika maabara ya chuo, akiunda kamera kwa mfano wa jicho la mdudu: kuba ya plastiki angavu, ndogo kama punje ya mahindi, yenye lenzi mia sita, kila moja ikitazama upande wake. Miaka mitatu ilipotea. Alizitengeneza lenzi zikiwa bapa, kisha akazikunja juu ya kuba; za pembeni zikavutika, picha ikaingia ukungu. Alizitupa zote, akaanza upya kwa kumimina plastiki moja kwa moja kwenye kalibu yenye umbo la kuba.

Tarehe 16 Agosti 2003 aliolewa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Walijaliwa binti mmoja.

Septemba iliyopita aligundulika kuwa na saratani ya ini. Hakuuliza kama atapona. Aliuliza kama atawahi kuona picha moja iliyo safi mpaka pembeni.

Tarehe 3 Mei, fundi wa maabara aliileta kamera wodini, akaiweka kwenye meza ya kitanda. Kwenye skrini tuliona chumba kizima: dirisha, dripu, magoti yangu. Pembeni kabisa, kwenye upenyo wa mlango, shemeji alikuwa amesimama koridoni akifuta machozi. Alikuwa ametuaga kwamba anakwenda kununua maji.

Dada aliikagua picha ile mpaka pembeni; haikuwa na ukungu.

“Mwalimu,” akaita kwa sauti iliyobaki, “njoo ulilie huku, nikushike mkono.”

Shemeji hakutoka tena chumbani. Dada alifariki tarehe 8 Mei, saa mbili asubuhi.

Ameacha mume, binti, mama, kaka yetu na mimi mdogo wake. Shemeji ameniomba niseme kwamba leo asiwepo wa kujificha ili alie. Dada, pumzika kwa amani.