Kaburi la Akumu Kando ya Njia

Bwana apewe sifa zake, ndugu zangu! Mnaonijua hapa Bigo mnajua mimi ni mtu wa kucheka. Nauza fretini, wale samaki wadogo wa ziwani, na mdomo wangu sokoni haufungwi. Leo sicheki. Mchungaji ameniomba nitoe ushuhuda kwa upole. Nimemjibu nitajaribu, lakini hasira ninayo, na Yesu mwenyewe alisuka kamba akafukuza watu hekaluni.

Binti yangu anaitwa Akumu. Ni jina la mama yake koko yangu, yaani bibi yangu; mwanamke wa Mahagi-Port aliyekufa siku za Wabelgiji. Koko kabla hajafa aliomba jina lile lirudi nyumbani, nami nikampa mtoto, maana kwetu jina la mtu halitupwi.

Kisha mabaya yakaja. Nilipoteza mimba, nikapoteza na nyingine. Pikipiki ya mume wangu ikachukuliwa njiani na watu wenye silaha, yeye akarudi kwa miguu. Na amani yetu ya hapa mnaijua: leo unapanda mihogo, kesho unasikia risasi kilimani unaanza kufunga mizigo. Kila nyumba ya mji huu ina sababu yake ya kulia. Lakini wifi yangu aliitafuta sababu ndani ya mtoto wangu!

Alitupeleka Shari, kwenye chumba cha maombi cha mama mmoja anayesifika kwa kuvunja laana za ukoo. Yule mama akamtazama Akumu, mtoto ambaye meno ya mbele yameng'oka na mengine bado hayajaota, akasema: "Huyu mutoto anabeba jina ya muchawi. Muulize kwenu, huyo koko walimuzika wapi?"

Na kweli, ndugu zangu, ukoo mzima ulijua. Akumu wa zamani hakuzikwa pamoja na wenzake. Amelala peke yake kando ya njia, na kila apitaye hutupa tawi juu ya kaburi na kutema mate. Basi hukumu ikatoka. Nilete udongo wa kaburi lile uchomwe, na mtoto afungiwe mle chumbani bila chakula wala maji mpaka jina limtoke. Bila maji! Mume wangu akainamisha kichwa, akakubali.

Nilimwambia Mungu, "Wewe nawe uko wapi?" Niliomba kwa hasira, na sijutii. Nikamwacha Akumu kwa dada yangu, nikapanda lori la bidhaa kwenda Mahagi-Port kuufuata ule udongo. Magari yalifuatana nyuma ya wanajeshi, na kila kizuizi tulishuka tukaangaliwa usoni.

Baba mkubwa, kaka wa baba yangu anayeishi kule, alinipeleka kaburini. Hapakuwa na msalaba, ni rundo la matawi makavu tu. Akavunja tawi, akatupa, akatema mate. Mimi nikainama na sashe yangu ya plastiki, nikaanza kuchota udongo. Ndipo nikasikia kelele nyuma yetu.

Alikuwa Mama Veronika, bibi kuliko bibi wote wa pale bandarini, ambaye hadi leo anaanika fretini kwa mikono yake. Alikuja na fimbo, anamgombeza baba mkubwa utadhani ni mtoto.

"Weye unatema mate juu ya nani? Ule mama ndiye aliniosha mimi!"

Akatueleza. Yeye akiwa mtoto, tauni iliingia, ule ugonjwa wa panya. Watu walikimbilia milimani wakawaacha wagonjwa wao ndani ya nyumba. Akumu hakukimbia. Aliwaosha, akawanywesha maji, na Veronika alikuwa mmoja wao. Mwisho kinena chake mwenyewe kikavimba. Akasema asipelekwe kwenye makaburi ya ukoo, wala asiguswe, azikwe pale pale alipoangukia, mbali na watu.

Kwetu kila mfiwa hutia udongo kaburini kwa mkono wake. Siku ile hawakuweza kusogea. Wakasimama njiani, kila mtu akavunja tawi, akalitupa kutoka mbali.

"Tawi ilikuwa udongo yetu," Mama Veronika akasema. "Hakuna mutu alitema mate. Mate mulileta ninyi, munaozaliwa kisha, mutu hata moja hakuuliza."

Ndugu zangu! Siye watu wa Ituri! Siye tuliozika watu wetu wa Ebola tukiwa tumesimama mbali, wengine wakiwashusha, mikono yetu mitupu! Siye ndio tulikosa kuelewa kaburi la namna hii? Baba mkubwa akavua kofia. Nilimwambia kofia haitoshi, apanguse mate yake. Akapiga magoti, akapangusa. Nami nikaurudisha udongo mahali pake, nikavunja tawi bichi, nikaliweka kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu mimi naweza kukaribia.

Pale ndipo nilifunguliwa. Sikuona pepo akitoka. Uliotoka ni uongo, na hofu yangu ikafuatana nao. Mimba zangu hazikurudi, na pikipiki haikurudi. Sitawatangazia muujiza ambao sikuuona. Lakini mwanangu alikunywa maji yake, akala ugali wake, na hakuna chumba kitakachomfungia nikiwa hai. Mume wangu ameomba msamaha, yuko pale kwenye benchi la wanaume.

Mtegemeeni Mungu, ndugu zangu, yeye anawajua wafu wetu kutushinda. Na anayekuambia umtoe mtoto wako, mwambie kwanza akuoneshe anachokijua.

Akumu, mwanangu, panda juu ya benchi wakuone. Kanisa, nataka mtaje jina lake kwa sauti, mtoto asikie. Na wewe wifi yangu, nimekuona pale mlangoni. Anza wewe.