Swichi Iliyong'atwa

Elina alikuwa na adabu zake, ila macho hayana pazia, na masikio nayo vivyo hivyo. Tangu kosta itoke Vwawa, kijana wa kiti cha mbele yake, karani wa mizigo huko Tunduma, alikuwa akimweleza mama mmoja, mkulima wa kahawa wa Iyula, habari za kibodi ya kompyuta anayojiundia.

“Kwani za dukani hazina vitufe?” mama akauliza.

“Vipo, mama. Nimeving'oa vyote.”

“Vizima?” Mama akashika kifua kama aliyeletewa habari za msiba.

Kijana akatoa swichi mbili ndogo, zile zinazokaa chini ya vitufe. “Ukibonyeza, katikati kuna kama kijinundu. Hapo kidole kinajua herufi imeingia. Hii laini, hii ngumu. Nimeshindwa kuchagua. Hebu zijaribu.”

Mama akaichukua ile ngumu, akaitia kwenye magego, akang'ata. Ka!

Elina nusura apige kelele. Kijana aliruka hata akagonga kichwa darini. “Mama! Umekula swichi yangu!”

“Nani kala? Nimeipima.” Mama akaifuta kwa kitenge, akamrudishia kwa heshima zote. “Kahawa iliyokauka tunaijua kwa meno. Hii imekauka vizuri. Chukua hii.”

“Lakini hii ni ya kidole, mama!”

“Kidole kimekusaidia nini mpaka sasa?”

Walibishana hadi stendi ya Tunduma. Mama akashuka. Kijana akatazama kulia, akatazama kushoto, akasahau kwamba nyuma yupo Elina, kisha akaitia ile laini mdomoni.