Teksi Isiyongoja Amina

Tangu Malindi, mzee Tadicha, mfugaji wa Garsen, alikuwa akimfokea msichana wa Lamu aliyekaa naye basini, utadhani ndiye aliyebuni simu. “Wenyeji wangu Mombasa waliniitia teksi ya app. Ikafika. Sasa nitoke bila kuagana? Tukaomba dua ya safari, kufika amina, gari limeshaondoka!”

“Zile hungoja dakika chache tu, baba. Mngeomba dua kabla ya kuita.”

“Dua ya safari, na gari halijaonekana? Ya pili nayo ikaniacha vivyo hivyo. Daktari wa macho nimemkosa!”

“Basi kosa ni lako, baba.”

Garsen, basi likasimama. Mzee hakushuka. Aliinua mikono akamwombea yule msichana safari njema, polepole, mpaka akawaombea na mbuzi wa kwao Lamu. Dereva akazima injini, akaitikia amina.