Fundi Ngazi na Kisanduku cha Wodi ya Watoto

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupanda na kushuka, fundi wetu wa mtandao anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Hospitali nzima inamwita Fundi Ngazi, maana ukimwona bila ngazi begani ujue yuko likizo, na likizo zenyewe alikwenda kwa kusukumwa. Mimi ni mpokea simu. Kila aliyekosa mtandao alinifokea mimi kwanza, kwa hiyo haki ya kumsimulia ninayo.

Alianza na waya za simu, kompyuta zikamkuta humo humo. Ulipofungwa ukuta-moto, yaani yule mlinzi wa mtandao anayeamua nani aingie na nani abaki nje, aliutunza kama mboni ya jicho. Majalada ya wagonjwa yalikuwa nyuma yake. Hata mganga mkuu alipotaka simu yake ipitishwe kinyemela, alijibiwa kwa adabu kwamba haiwezekani.

Halafu akaja Sista wa wodi ya watoto, Mungu amrehemu. Watoto waliolazwa kwa miezi walikuwa wakiwalilia wazazi walio mbali. Sista akabeba kisanduku cha waifai kutoka kwao, akakichomeka kwenye soketi ya ofisini, akaendelea na sindano zake. Lo! Kisanduku cha nyumbani kina tabia ya kugawa anwani za mtandao utadhani ndicho mwenye nyumba, na kompyuta zetu zikazifuata, zikapotea njia. Maabara kimya, duka la dawa kimya, simu yangu moto. Fundi alifuata waya chumba kwa chumba hadi akakikuta nyuma ya kabati la mashuka, akakichomoa. Sista akanuna, na Sista akinuna hata madaktari hupita pembeni.

Wiki iliyofuata Fundi alirudi na kisanduku kipya. Alikifunga darini, akakitengenezea njia yake peke yake kwenye ukuta-moto: watoto watoke nje kuonana na wazazi, lakini asiwepo wa kugusa majalada. Aliyemshikia ngazi ni Sista mwenyewe. Sisi wengine tulishajua. Mwaka haukwisha tukawa kwenye harusi yao.

Hawakujaaliwa mtoto. Jioni Sista aliwasomea hadithi watoto wa wodini. Alipostaafu mwanzoni mwa mwaka huu, miguu ikiwa imeshagoma, alimwomba mumewe jambo moja tu. Nyumba yao iko bondeni, simu haishiki vizuri; amvutie mtandao, aendelee kuwasomea akiwa kwake. Fundi akasema kesho. Kinyozi hajinyoi, jamani. Kesho ikakutana na maabara mpya, ikakutana na jengo la upasuaji, na Sista, aliyeijua kazi hiyo, safari hii hakununa. Mwezi wa tatu alianguka asubuhi akiwa bafuni, hakuinuka tena.

Tangu hapo Fundi ameomba mara mbili aongezewe muda wa kazi, na umri umemkatalia. Tuseme ukweli, anaiogopa nyumba ile. Kisanduku cha wodini kilipobadilishwa, aliomba apewe kile cha zamani. Tulipokwenda kumjulia hali tulikikuta juu ya kabati la vyombo, kimechomekwa umeme, taa inawaka, hakijaungwa popote. Tukamuuliza mbona hakiungi. Akasema amuungie nani. Tulikunywa chai tukaondoka, na mimi nililia njia nzima.

Basi jibu letu hili hapa, limechelewa kidogo. Zawadi yako, Fundi, shemeji yetu sote, si saa ya ukutani. Vijana wa kitengo chako watakuja kwako Jumamosi na waya, na siku hiyo wewe ndiye utakayeshika ngazi. Kitabu cha Sista kiko mezani kwangu, watakuletea, ukurasa umekunjwa pale alipoishia. Wale watoto ambao bado wako nasi wanauliza kama mbweha wa hadithi ile alitoka shimoni au la. Jioni hiyo watakaa wakungoje uwasomee.

Asante kwa kila waya, na kwa kutuvumilia. Uishi salama, shemeji yangu, na uishi na watu. Sauti ikikukatalia kusoma, usijilazimishe. Kaa tu mbele ya kioo cha simu, wakuone.