Thelathini Tuliofanya Mtihani na Mmoja Aliyebaki Nje

Mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi, na majirani wa Mji Mkongwe mliotuitikia: Assalaamu alaykum.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu katika Chuo cha Uongozaji Wageni cha Fanusi. Umeletewa dafu, umewekewa kiti chenye mto, na ukuta ulio nyuma yako umepakwa chokaa juzi. Usiuegemee, tunakuomba, haujakauka. Tumefurahi kukuona. Tungefurahi zaidi kama ungekuja mwezi uliopita.

TULIKOTOKA

Miaka mitatu iliyopita wanafunzi na uongozi walikaa pamoja wakaandika Mkataba wa Haki na Wajibu, ambao leo umeombwa uuzindue upya. Una kurasa mbili. Wa kwanza ni wajibu wa mwanafunzi: ahudhurie, avae sare, asitoke chuoni bila ruhusa. Wa pili ni wajibu wa chuo: kifundishe vipindi vyote, na kimsikilize mwanafunzi kabla ya kumwadhibu. Ukurasa wa kwanza tumesomewa hadi tumeuhifadhi. Wa pili hatujapata kumsikia mtu akiusoma kwa sauti.

Na sisi tumo, hatujitoi. Wapo kati yetu waliowasainia wenzao rejista ya mahudhurio. Ndiyo maana ikaondolewa darasani, ikawa inakaa kwenye mkoba wa mwalimu. Basi mwalimu asipokuja, na rejista haiji.

YALIYOMFIKA BASHIRA

Bashira Ubwa ni mwenzetu, mzaliwa wa Tumbatu, anayekaa Kidichi kwa khalati yake, ndugu wa mama yake. Hajapata kumsainia mtu, hata alipobembelezwa. Muhula uliopita tulikuwa na somo la Historia ya Maeneo, Jumatatu na Jumatano, saa mbili asubuhi. Mwalimu Suhail alikuja wiki mbili za mwanzo, kisha akapotea. Bashira alikwenda ofisini mara tatu kutuulizia. Mara ya kwanza aliambiwa, "Yuko njiani." Mara ya pili, "Ana udhuru." Mara ya tatu Ofisa wa Taaluma, Bi Yusra, alimjibu bila kunyanyua uso:

"Bibie, kwani mwalimu ni wako peke yako?"

Alirudi darasani. Alikuwa ameshatoka Kidichi mara tisa kuja kutazama ubao mtupu. Akasimama mbele yetu akasema, "Mie nshachoka. Twendeni Mangapwani, tukasome wenyewe."

Tukaenda sote, thelathini na mmoja, na sare zetu. Alikuwa amesoma usiku na mchana, akatueleza pango la matumbawe mpaka mtu ukajiona mjinga kwa kutolijua. Tukaendelea hadi kwenye chumba walimofichwa watumwa. Hapo tukamkuta Mwalimu Suhail na wageni wanane wa kizungu, akiwaeleza yale yale aliyopaswa kutueleza sisi, saa ile ile.

"Nyie mnafanya nini huku saa za darasa?" akauliza.

"Shikamoo, mwalimu," Bashira alimjibu. "Tumekuja darasani. Na leo tumekukuta."

Wageni walicheka bila ya kujua wanachokicheka. Mwalimu hakucheka, wala hakuitikia marahaba.

Kesho yake rejista ikaonekana, na ndani yake wote tulikuwa tumeandikwa hatukuwapo. Zikafuata barua za kutoka chuoni bila ruhusa: atakayeomba radhi kwa maandishi atafanya mtihani, asiyeomba hafanyi. Mgeni rasmi, thelathini tuliandika. Tuliandika haraka, tena wengine tukanakiliana.

Bashira hakuandika. Alikwenda kwa Bi Yusra akamwuliza, "Nnaomba radhi ya kosa gani, Bi? La kwenda kumtafuta mwalimu, au la kumpata?"

"La ulimi," akajibiwa.

Akamwomba Mzee Pandu, mlinzi wetu, alete daftari lake la getini. Siku tisa zote majina yetu yamo, la mwalimu halimo. Tulidhani mambo yamekwisha. Tukaambiwa kuwa daftari lile ni la ulinzi, si la taaluma.

Siku ya mtihani, mwezi uliopita, alikuja na sare yake imepigwa pasi. Akaketi kwenye baraza la nje, sisi tukampita tukiingia, tukitazama viatu vyetu. Baada ya saa tatu tulipotoka alikuwa yupo pale pale. Hakutulaumu. Alimwuliza Thuwaiba, huyu anayekusomea hapa:

"Swali la Mangapwani limekuja?"

"Limekuja."

"Mmelijibu?"

"Kama ulivyotufundisha."

Akasema, "Alhamdulillahi," akafuata njia ya Darajani. Hatukumwona tena chuoni.

MAFANIKIO

Kichwa hiki katika risala huwa kirefu. Tumefaulu sote thelathini. Tunaona haya kuendelea.

MAOMBI

Tulikuwa na orodha: paa la maktaba linavuja, safari za mafunzo Jozani zimesimama, feni ya darasa letu inapiga kelele na haizunguki. Tumeifuta orodha. Risala hii tuliombwa tuilainishe, tukailainisha mara mbili, na mara ya tatu tukachoka.

Tunaomba Bashira afanye mtihani wake. Jana tulimfuata Kidichi, tukamkuta anaanika karafuu na khalati yake. Alisema, "Msinitaje, msije mkaharibikiwa kwa ajili yangu." Tumemtaja.

Hapa tuna barua thelathini, kila mmoja kwa mkono wake, tukiondoa radhi tulizoziomba. Kama kwenda Mangapwani lilikuwa kosa la kumnyima mtu mtihani, tulikwenda sote, basi na matokeo yetu yafutwe. Kama ni kosa la kusameheka, mwenzetu anangojeshwa nini? Na Mwalimu Suhail naye asomewe ukurasa wa pili, hata mara moja. Tunakuomba uzipokee barua hizi mkononi mwako. Zikipitia ofisini, zitakuwa njiani.

Mola akurudishe kwako kwa salama, awape walimu wetu afya ya kufika darasani, amfungulie Bashira mlango wake, na sisi atughufirie ile saa tuliyompita barazani.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Mwaka wa Pili,
Chuo cha Uongozaji Wageni cha Fanusi,
Mji Mkongwe, Unguja.